Tom Mboya na Mshahara Usiofika Shambani

Ukimtaja Tom Mboya, wengi huwaza Nairobi: barabara yenye jina lake, sanamu iliyosimamishwa hapo 2011, na duka la dawa alikotoka akapigwa risasi Jumamosi ya tarehe 5 Julai 1969. Yeye mwenyewe alijijenga kama mtu wa mji, na hotuba zake zilikuwa za mji. Hata hivyo alizaliwa shambani, tarehe 15 Agosti 1930, katika shamba la mkonge la Kilima Mbogo, mashariki mwa Thika, lililokuwa la Sir William Northrup McMillan. Baba yake, Leonardus Ndiege, alikuwa ametoka Rusinga kuja kuajiriwa huko, akapanda hadi kuwa nyapara. Wasifu wake karibu wote hulitaja jambo hili katika ukurasa wa kwanza, kisha hukimbilia siasa zake za Nairobi na safari zake za nje. Mimi naona ndilo kipimo tunachopaswa kumpimia. Mboya alikuwa kiongozi hodari kuliko wote waliowahi kutokea katika harakati za wafanyakazi wa Kenya, na mfumo aliousimamisha bado unatutawala. Lakini ulipata nguvu zake kwa kuutenga ujira na ardhi, na aliyelipia gharama ya utengano huo ni kibarua wa shambani, yaani watu wa pale alipozaliwa. Ushahidi wa hayo umetapakaa kati ya Ruiru na Thika.

Tuanze na shamba lenyewe. Reli ilifika Thika mwaka wa 1913 ikipitia Ruiru, na haikujengwa kwa ajili ya abiria. Ilikuja kubeba mkonge na kahawa, na kandokando yake pakatokea miji miwili ambayo tangu mwanzo ilikuwa midogo kuliko mashamba yaliyoizunguka. Kibarua wa kikoloni aliajiriwa kwa tikiti ya siku 30. Kila siku aliyomaliza kazi aliyopimiwa, kadi yake ilitiwa alama. Siku ambayo kipimo hakikutimia, au aliyougua, haikuhesabiwa. Sheria ilimruhusu kuzikamilisha siku hizo 30 ndani ya siku 42, kwa hiyo mshahara ulioitwa wa mwezi ungeweza kuchukua wiki sita kupatikana. Aliyeshika kalamu ya kutia alama alikuwa nyapara. Mboya basi alilelewa katika nyumba iliyohesabu tikiti, si katika nyumba iliyohesabiwa, na nadhani hilo linaeleza mengi kuhusu tabia yake ya baadaye: aliamini hesabu, kanuni na maandishi, na alikuwa na shaka na umati. Kambi ya mkonge ilimpa jambo jingine pia. Ilikusanya Wakamba, Waluo, Wakikuyu na Waluhya chini ya mwajiri mmoja, na kijana huyo akakua bila kudhani kwamba kabila ndilo jibu la kila swali.

Alisoma Kabaa, kisha Yala, kisha Mang'u, ambayo nayo iko upande huu huu wa Thika. Karo ilipokosekana akaenda kujifunza ukaguzi wa afya katika Jeanes School, Kabete, na mwaka wa 1951 akaajiriwa na Baraza la Jiji la Nairobi. Kuanzia hapo mwendo wake ulikuwa wa kasi isiyo ya kawaida. Chama cha ustawi wa watumishi Waafrika wa baraza alikigeuza kuwa chama halisi cha wafanyakazi wa serikali za mitaa, na mwaka wa 1953, akiwa na miaka 23, akawa katibu mkuu wa shirikisho lililokuja kuitwa Kenya Federation of Labour. Kumbuka wakati wenyewe. Makhan Singh, aliyeanzisha East African Trade Union Congress mwaka wa 1949 pamoja na Fred Kubai, alikuwa kizuizini tangu Mei 1950. Kubai na Bildad Kaggia, naye kiongozi wa chama cha makarani, walikuwa wamekamatwa Oktoba 1952 na kushtakiwa Kapenguria pamoja na Jomo Kenyatta. Aprili 1954 operesheni ya Anvil ikazoa maelfu ya Wakikuyu kutoka Nairobi, viongozi wa vyama vya wafanyakazi wakiwemo. Mboya alibaki akiwa mmoja wa Waafrika wachache walioweza kusema hadharani kwa niaba ya wengine, na alisema. Machi 1955 alikwenda Mombasa wakati makuli wa bandari wamegoma, akawashawishi warudi kazini kwa sharti la kwenda kwenye usuluhishi, na usuluhishi ukawapa nyongeza nono.

Ushindi huo wa Mombasa ulikuja kuwa njia yake ya kawaida. Mgomo kwake ulikuwa ufunguo wa mlango wa chumba cha mazungumzo. Mlango ukishafunguka, ufunguo uwekwe mfukoni. Na hoja aliyoingia nayo chumbani ilikuwa tayari imetolewa na serikali ya kikoloni yenyewe. Kamati ya Carpenter, iliyotoa ripoti yake mwaka wa 1954, ilikubali kwamba mshahara wa Mwafrika ulikuwa umepimwa kwa mahitaji ya mwanamume mseja, kwa kudhani kwamba mke na watoto wanalishwa na shamba lao huko walikotoka. Kamati ikapendekeza kwamba mshahara upande hadi umtoshe mtu na jamii yake. Mboya aliishika hoja hiyo kwa mikono miwili, na alikuwa na haki. Lakini ilipotekelezwa, kima cha chini cha kisheria kilichopandishwa kilikuwa cha mijini. Shambani dhana ya zamani ilibaki: kibarua ana kipande chake mahali fulani, au mwajiri amempa kibanda na shamba la mboga, kwa hiyo apunguziwe. Hapo ndipo mstari ulipochorwa, na sijaona mahali ambapo Mboya aliupinga kwa nguvu alizotumia kupinga mengine.

Vibarua wenyewe waliupinga. Mwaka wa 1959 na 1960, Hali ya Hatari ikielekea ukingoni, mashamba ya kahawa na mkonge ya Mkoa wa Kati yalikumbwa na wimbi la migomo, Thika na Ruiru zikiwa katikati yake. Migomo mingi ilianza bila idhini ya chama chochote, mara nyingi wakati wa kuchuma, buni zikiwa zimeiva na mwajiri hawezi kungoja. Madai yalikuwa ya moja kwa moja: kipimo cha debe kipunguzwe au bei yake ipande, nyapara mkatili aondolewe, kadi zihesabiwe kwa haki. Vyama vya wafanyakazi wa chai, kahawa na mkonge, vilivyosaidiwa na shirikisho la Mboya, vilikua ndani ya vurugu hilo, na viongozi wao mara nyingi walifika shambani kuwarudisha watu kazini ili mazungumzo yaanze. Silaumu jambo hilo peke yake. Bila mazungumzo mgomo huisha kwa njaa au kwa polisi. Ninacholaumu ni kilichotokea baada ya mazungumzo. Mwaka wa 1963 vyama hivyo viliungana kuwa Kenya Plantation and Agricultural Workers' Union, chama kikubwa chenye wanachama wengi na sauti ndogo, na mfumo wa kitaifa wa mishahara ukawa umeshaamuliwa na watu wengine.

Aliyeuamua zaidi ya wote alikuwa Mboya. Aliingia Wizara ya Leba mwaka wa 1962, katika mwaka uliokuwa na migomo zaidi ya 200, na Oktoba mwaka huo akawakalisha pamoja waajiri na shirikisho wakatia saini mkataba wa mahusiano kazini. Waajiri walikubali kuvitambua vyama. Vyama vikakubali kutogoma kabla ya hatua zote za usuluhishi kwisha. Mahakama ya viwanda ikafuata mwaka wa 1964, na Sheria ya Migogoro ya Kazi mwaka wa 1965. Mwaka huo wa 1965 unastahili kutazamwa kwa makini. Mboya, sasa akiwa Waziri wa Mipango ya Uchumi, aliwasilisha Waraka Nambari 10 kuhusu Ujamaa wa Kiafrika, uliosema kwamba fedha zielekezwe pale zitakapozaa haraka na kwamba umiliki wa watu binafsi uheshimiwe. Septemba, baada ya makundi mawili ya vyama kupigana hadi damu ikamwagika Mombasa, serikali iliyavunja yote mawili na kuunda shirikisho moja, COTU, ambalo uteuzi wa vinara wake ulihitaji baraka za Rais. Na katika mwaka huo huo, kampuni ya Kimarekani tunayoijua kwa jina la Del Monte ilianza kusimamia Kenya Canners huko Thika. Miaka iliyofuata mananasi yakachukua nafasi ya mkonge katika maelfu ya ekari. Mwenye ardhi alibadilika na mmea ukabadilika; kibarua na kibanda chake wakabaki walivyokuwa.

Kilomita chache kutoka hapo, Kandara, alikuwepo mtu aliyesema kinyume. Kaggia alitoka kifungoni 1961, akachaguliwa mbunge 1963, akawa naibu katika Wizara ya Elimu, akafutwa 1964 kwa sababu hakukubali kunyamaza juu ya waliokosa ardhi. Alitaka mashamba makubwa yasiuzwe kwa wenye fedha, bali yatolewe kwa wasio na kitu. Aprili 1965 Kenyatta alikwenda Kandara kwenyewe, akamkemea mbele ya wapiga kura wake: walikuwa gerezani pamoja, wenzake wametoka na kujipatia mali, yeye amejifanyia nini? Swali hilo hunukuliwa hadi leo kama kejeli, lakini lilikuwa pia tamko la sera, kwa sababu lilimwambia kila mtu uwanjani kwamba uhuru ungepimwa kwa alichojinunulia. Mwaka wa 1966 Kaggia alihamia chama cha upinzani cha KPU pamoja na Oginga Odinga, akalazimika kurudi kwa wapiga kura, akashindwa na Taddeo Mwaura. Wengi humweka Kaggia katika sanduku la siasa za ardhi na Mboya katika sanduku la siasa za kazi. Masanduku hayo ni ya uongo. Kaggia alikuwa mtu wa vyama vya wafanyakazi kabla Mboya hajapata kazi yake ya kwanza, na waliokosa ardhi Kandara ndio haohao waliovuka kwenda kuchuma kahawa Thika na Makuyu.

Kosa la Kaggia, na lazima lisemwe, ni kwamba baada ya kifungo cha Lokitaung hakurudi kwa vibarua akiwa kiongozi wa vibarua. Aliwatetea kama wadai wa ardhi tu. Kibarua wa Kikamba au Kiluhya katika shamba la Ruiru hakuwa na dai lolote ndani ya ugomvi wa Murang'a, na Kaggia hakumpa sababu ya kumfuata. Mkulima mwenye hati mpya mkononi, kwa upande wake, alikuwa na kila sababu ya kumwogopa. Mwaka wa 1969 alirudi katika chama tawala cha KANU miezi michache kabla KPU haijapigwa marufuku, baadaye akakubali uenyekiti wa bodi ya pamba, akamalizia maisha yake kwa kiasi, akiwa na kinu cha kusaga mahindi, hadi alipofariki Machi 2005. Mmoja basi alishika ujira akaiacha ardhi; mwenzake alishika ardhi akauacha ujira. Mboya ndiye aliyeshinda, na kwa hiyo nusu yake ndiyo iliyogeuka kuwa sheria.

Watetezi wa Mboya watauliza ni njia gani nyingine ilikuwepo, na watatuelekeza Tanganyika. Huko Rashidi Kawawa, naye mtu wa vyama vya wafanyakazi, alipokuwa Waziri Mkuu mwaka wa 1962 zilipitishwa sheria za kubana migomo, na baada ya maasi ya wanajeshi ya Januari 1964 shirikisho la TFL likavunjwa, NUTA ikaundwa ndani ya mikono ya serikali, Waziri wa Kazi Michael Kamaliza akiwa ndiye katibu mkuu wake. Kwa kulinganisha, Kenya ilibakiwa na waajiri waliolazimika kuketi mezani na mikataba ya pamoja iliyotiwa saini kiwanda kwa kiwanda. Mfanyakazi wa kudumu katika viwanda vya Thika, awe wa nguo, wa ngozi au wa kuunganisha magari, alipata posho ya nyumba, likizo na utaratibu wa kukata rufaa akifutwa. Hayo ni ya kweli, na anayeyadharau hajawahi kufanya kazi bila mkataba. Lakini utetezi huo unalinganisha mji na mji. Ukiuliza mfumo wa Mboya ulimfanyia nini kibarua wa msimu, jibu ni kwamba haukumwona. Mkataba wa pamoja humlinda aliyeandikwa. Mwajiri akitaka kuukwepa huajiri asiyeandikwa, wa siku, wa debe, wa wakala. Mashamba yamekuwa na ujuzi huo kwa zaidi ya miaka mia moja, na viwanda vimejifunza kutoka kwao.

Hoja nzito zaidi ni ya kabila. Mboya alikuwa Msuba wa Rusinga aliyehesabiwa kuwa Mluo. Angewezaje kusimama Thika mwaka wa 1964 akasema juu ya ardhi ambayo Wakikuyu waliifia? Angeambiwa arudi kwao kwa sentensi moja. Nakubali kwamba hoja hii inaeleza ukimya wake kuliko hoja nyingine yoyote. Siasa ya ujira ilikuwa uwanja pekee ambao mtu wa asili yake angeweza kuongoza Wakenya wote, na aliufanya uwanja huo kuwa mkubwa kadiri alivyoweza. Jimbo la Nairobi Central, Kamukunji ya leo, lililojaa wapiga kura Wakikuyu, lilimchagua. Ila kueleza si kusamehe. Hakuhitaji kudai ekari hata moja ili kuuliza kwa nini kima cha chini cha kibarua wa kahawa kiwe chini ya cha mfagiaji wa kiwanda. Hilo lilikuwa swali la Wizara ya Leba, na wizara ilikuwa yake. Alikuwa na takwimu, alikuwa na ulimi, na kwa muda mfupi alikuwa na mamlaka.

Wapo pia watakaosema kwamba yote haya ni historia, maana mashamba yenyewe yanakwisha. Ni kweli kwamba Ruiru, ambako watafiti walizalisha aina ya kahawa iitwayo Ruiru 11 mwaka wa 1985, leo inajulikana zaidi kwa nyumba za kupanga. Uzalishaji wa kahawa nchini ulifika kilele cha takriban tani 130,000 msimu wa 1987/88, na sasa haufikii hata nusu ya hiyo. Kampuni za kununua ardhi zilikata mashamba vipande vipande, na ukisoma hati za viwanja vya Ruiru utakuta bado zina jina la kampuni ya Githunguri katika namba ya bloku. Tatu City, yenye takriban ekari 5,000, imesimama juu ya shamba la kahawa. Sensa ya 2019 iliipa Ruiru zaidi ya watu 490,000, karibu mara mbili ya Thika yenye takriban 251,000, na barabara kuu iliyokamilika 2012 imewafanya wote kuwa majirani wa Nairobi. Hapa napenda kuwakumbusha wale waliomwambia Kaggia kwamba kuwagawia maskini mashamba kungeua kahawa: kahawa imekufa hata hivyo, na mashamba yamegawiwa, ila kwa wenye pesa.

Na mstari wa 1954 haujafutika. Serikali hutangaza amri mbili za kima cha chini cha mshahara, moja ya jumla na moja ya kilimo. Ile ya jumla inaweka iliyokuwa miji ya manispaa, Thika ikiwemo, katika daraja moja, na katika daraja hilo imetaja kwa majina mabaraza ya zamani ya Mavoko, Ruiru na Limuru. Katika viwango vya 2022, kibarua wa kawaida wa daraja hilo hakupaswa kulipwa chini ya takriban shilingi 14,000 kwa mwezi. Kibarua asiye na ujuzi chini ya amri ya kilimo alipangiwa takriban shilingi 7,500. Kuna mahali ambapo ukuta wa kiwanda unapakana na mistari ya mibuni. Walio ndani na walio nje hupanga nyumba katika ploti zilezile, hununua unga katika duka lilelile na hupanda matatu ile ile kwa nauli ile ile. Dhana kwamba wa shambani ana kwao kunakomlisha ilikuwa dhaifu mwaka wa 1954. Kwa mtu anayeishi Kiandutu au Kihunguro haina msingi wowote. Katiba ya 2010, katika kifungu cha 41, inampa kila mfanyakazi haki ya ujira wa haki. Haisemi wa mjini.

Sidai kwamba kuunganisha amri hizo mbili kutamaliza tatizo. Waajiri wa mashamba watasema hawana uwezo, na baadhi yao watakuwa wanasema kweli, hasa wenye kahawa. Ndiyo maana suala la ujira halitatuliki bila kuuliza pia nani ana ardhi, kwa mkataba wa miaka mingapi, na kwa masharti gani kwa wanaoifanyia kazi. Mikataba ya ukodishaji wa mashamba makubwa ya Thika imekuwa mbele ya tume na mahakama kwa miaka sasa, wakazi wa Kandara wakidai sehemu ya ardhi ya mananasi. Mabishano yote yanahusu mipaka na nani alikuwepo kwanza. Sharti la kumlipa kibarua wa shamba mshahara wa mji linaweza kuandikwa katika ukodishaji wowote unaoongezwa muda, na gavana, mbunge na Tume ya Ardhi wana nafasi ya kulidai. Vyama vya wafanyakazi navyo vina nafasi hiyo, kama vitakumbuka kwamba havikuzaliwa ili kupokea ada.

Uchaguzi wa 2027 utawaleta wagombea Makongeni na Kimbo wakiahidi kazi, kama walivyoahidi waliowatangulia. Msomaji unayepiga kura huko, usimuulize mgombea ataleta kazi ngapi. Muulize kazi hizo zitalipwa kwa amri ipi kati ya hizo mbili, na kama hajui kuwa ziko mbili, kura yako mpe mtu mwingine.